Ubao wa Taa Juu ya Kabati Letu



Wiki hii zamu ya kuandika imetufikia sisi wa Nakivale, wale mnaotuita "watu wa kabati". Tangu tuweke zile picha mmekuwa mkituuliza mambo mawili. Vijana wanauliza ule ubao wa taa nyekundu tuliuunganisha vipi. Wafanyakazi wa mashirika wanauliza kwa nini majina yanayopita pale ni Radi, Kijiko na Bibi wa Nne, badala ya majina ya watu. Tulidhani hayo ni maswali mawili. Tulipokaa kuandika tukaona ni hadithi moja tu, kwa hiyo mtuvumilie, tunaanzia kwenye waya.

Kwa wasiolijua, kabati letu ni la gemu, la kusimama, kama yale yaliyokuwa yamejaa kwenye mabaa na maduka ya Marekani na Japani miaka ya 1970 na 1980. Unatumbukiza sarafu, unashika mkono, unabonyeza vitufe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona moja kwa macho yake. Tuliyaona kwenye video, tukasema mbona hiki ni kisanduku cha mbao tu, hata sisi tunaweza. Plaiwudi tulipewa, ilikuwa imebaki baada ya ukarabati wa darasa. Skrini ni ya kompyuta ya zamani kutoka Mbarara. Ubongo wake ni Raspberry Pi 3, kompyuta nzima inayoenea kwenye kiganja. Vitufe vya kwanza vilikuwa vifuniko vya soda vilivyokalia swichi tulizotoa kwenye vipanya vya kompyuta vilivyokufa. Usicheke, vilidumu miezi minne.

Ndani kuna gemu za bure kadhaa na mbili tulizoziandika wenyewe kwa Python. Inayopendwa inaitwa Ng'ombe Barabarani. Wewe ni dereva wa bodaboda unatoka Mbarara kuja Base Camp, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wanakatiza mbele yako bila haraka, kama wanavyofanya kweli. Kila ng'ombe unayemkwepa ni pointi 10. Ukimgonga mmoja, mwenye ng'ombe anatokea na fimbo na gemu imeisha.

Sasa ubao. Makabati ya zamani yalikuwa na sehemu ya juu, kwenye paji la uso, yenye jina la gemu. Ilikuwa ni picha iliyochapwa kwenye kioo au plastiki, na taa ya mrija inawaka nyuma yake. Iliwafaa, maana kabati moja kwa kawaida lilikuwa na gemu moja, basi jina halikuwa na sababu ya kubadilika. Letu lina gemu nyingi. Sisi tuliandika GEMU kwa rangi, tukaweka balbu nyuma. Ilipendeza wiki mbili, halafu hakuna aliyeitazama tena. Neno lisilobadilika, jicho linalizoea kama ukuta.

Siku moja wawili wetu walikuwa Mbarara wakinunua waya, wakasimama mbele ya duka la simu wakitazama maandishi mekundu yanayotembea: karibuni, tunatengeneza simu, tunauza laini. Nyinyi nyote mnayajua, yako kwenye maduka ya dawa, kwenye vibanda vya kutuma pesa, hata kwenye makanisa. Wakamuuliza mwenye duka kitu kile kinaitwaje. Akasema P10.

P10 ni kipande cha ubao chenye taa ndogo za LED, 32 kwa urefu na 16 kwa kimo, jumla taa 512. Hiyo 10 ni milimita kati ya taa moja na nyingine, ndiyo maana kipande kimoja kina sentimita 32 kwa 16. Vipande viwili vikikaa bega kwa bega unapata sentimita 64, na kabati letu lina sentimita 66. Tuliona kama limetengenezwa likisubiri. Pesa zilitoka kwenye kazi yetu ya kuchaji simu za watu, na zilichukua muda mrefu kuliko tulivyotaka.

Ubao wenyewe hauna akili. Hauwezi kukumbuka herufi hata moja, ni lazima kuwe na kitu kinachouambia bila kupumzika taa ipi iwake. Hiyo kazi tuliipa Arduino Uno. Kutoka Arduino kwenda kwenye ubao ni waya sita za habari na moja ya hasi, basi. Kipande cha pili kinapokea kutoka kwenye cha kwanza kwa mkanda wa waya, kama watu wanaopokezana ndoo kwenye foleni ya maji. Raspberry Pi inaongea na Arduino kwa waya ya USB. Inatuma mstari mmoja wa maneno, na Arduino inaugeuza kuwa taa.

Kwa gemu zetu wenyewe ilikuwa rahisi, tuliongeza mistari michache kwenye programu: pointi zikipanda, tuma pointi. Kwa gemu za wengine tunatumia RetroPie, na humo kuna mahali pa kuweka faili liitwalo runcommand-onstart.sh. Kila gemu inapofunguliwa, faili hilo linaendeshwa na linapewa jina la gemu. Sisi tunalichukua lile jina na kulitupa kwenye ubao. Anayetaka mistari yenyewe aombe kwenye kundi, hatuna siri.

Kitu kimoja kilitushangaza. Taa za ubao huu haziwaki zote kwa pamoja. Inawaka robo ya mistari, halafu robo nyingine, halafu nyingine, mara nne, halafu inaanza upya, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Wewe unaona neno zima limetulia. Lakini kamera ya simu inaweza kuikamata katikati ya kazi yake, ndipo neno linaonekana limekatwakatwa mistari. Zile picha zetu za kwanza mliposema "poleni, ubao umeharibika", haukuwa umeharibika.

Ulichoharibika ni umeme, na hapo kosa ni letu. Kwa haraka tulichukua umeme wa ubao kutoka kwenye Raspberry Pi yenyewe. Maneno yakiwa machache, mambo yanaenda. Ukiwasha taa nyingi, kialama cha radi kinatokea kwenye kona ya skrini, halafu kompyuta inajizima na kuanza upya, na mtoto aliyekuwa kwenye ng'ombe wa mia tatu analia. Raspberry Pi 3 peke yake inataka chaja ya ampia 2.5, na kipande kimoja cha ubao kikiwaka chote kinakunywa ampia kadhaa. Tulikuwa tunawalisha watu watatu sahani moja. Tukanunua kifaa cha kushusha volti 12 za betri ya sola kuwa volti 5, kikawa cha ubao tu. Na mkumbuke, waya hasi ya Arduino na waya hasi ya ubao lazima zikutane, la sivyo taa zinacheza ngoma yake zenyewe usiku kucha. Tulijifunza hilo kwa siku tatu na kwa ugomvi mmoja.

Kulikuwa na wazazi waliotuuliza gemu ni za nini wakati mgao unapunguzwa. Tangu 2020 umekuwa ukipunguzwa, kila mtu hapa anajua. Hatukuwa na jibu zuri. Tulisema tu kwamba watoto wako pale kila jioni na tunajua walipo. Wengine waliridhika, wengine hapana.

Basi ubao ukawaka, na jambo la kwanza uliloleta hatukuwa tumelipanga.

Kabla yake zamu zilikuwa kwenye daftari. Mmoja wetu alikaa na daftari, anaandika jina, anaita. Kila jioni ilikuwa kelele. "Mimi nilikuwa mbele." "Huyu umempa mara mbili." "Unampendelea kwa sababu ni wa kwenu." Hilo la mwisho ndilo liliuma, maana hapa tuko Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waeritrea, na kila anayeshika daftari ana kwao. Wavulana wakubwa walisukuma, wadogo wakasukumwa, na wasichana baada ya siku mbili tatu waliacha kuja.

Tukaandika zamu kwenye ubao. Mstari wa juu, anayecheza sasa. Mstari wa chini, anayefuata. Pembeni, dakika zinazohesabu kurudi chini kutoka tano. Zikiisha, gemu inasimama yenyewe, awe nani. Siku ya kwanza jamaa mmoja mrefu alitaka kubaki pale. Nyuma yake kulikuwa na msichana wa miaka kama tisa. Hakusema neno. Aliinua kidole akauonyesha ubao, jina lake lilikuwa limeshapanda mstari wa juu. Yule mrefu akatazama juu, akatazama watu, akatoka. Hakuna aliyemwambia toka. Sisi tulikaa kimya tukitazamana. Wiki iliyofuata wasichana walianza kurudi, kwanza wawili, halafu na rafiki zao.

Nyinyi mlio makambini mtaelewa bila maelezo, lakini kwa ndugu zetu wa mashirika tuseme kidogo. Maisha yetu yako kwenye orodha. Orodha ya mgao, orodha ya mahojiano, orodha ya safari. Inabandikwa ukutani, karatasi nyeupe, herufi ndogo, watu mia wanasukumana. Unatembeza kidole kutoka juu mpaka chini. Jina halipo. Au lipo lakini limeandikwa vibaya, na kulirekebisha ni mwaka mzima. Sasa mtoto wa familia hiyo anaona jina lake linawaka kwa taa nyekundu, kubwa, peke yake. Kulikuwa na mvulana mmoja ambaye zamu yake ilipofika hakushika mkono wa gemu. Alirudi nyuma hatua tatu akasimama akilitazama jina lake. Tulimwambia, mdogo wetu, dakika zinaisha. Akasema, "Najua." Zikaisha zote tano.

Basi kwa furaha hiyo tukawa tunaandika majina kamili, jina la mtoto na la baba, ili kila mtu ajivunie. Herufi zetu zina vidoti vitano kwa saba, ukiongeza nafasi kila moja inakula vidoti sita, kwa hiyo kwenye vidoti 64 zinaingia herufi kumi tu. Nshimirimana ana kumi na mbili. Mwanzoni ilikuwa inamkata mkia, na watoto wa Kirundi wakatuambia tumefanya kama wale wa usajili. Tukafanya jina refu litembee. Yaani tulihangaika sana ili jina lote lionekane, lisikose hata herufi.

Wiki ya tatu, usiku, tulikuwa tunafunga. Mama mmoja akasimama nje ya mlango, hakuingia. Tulimjua kwa sura, mtoto wake alikuwa anakuja karibu kila siku.

"Wanangu," akasema, "jina ya mtoto wangu muitoshe pale juu."

(Msio wa Kivu, kwetu kutosha ni kutoa.)

Mmoja wetu akajibu harakaharaka, "Mama, ni gemu tu, haina shida."

"Najua ni gemu. Lakini hii barabara inapita watu wote."

Hakusema zaidi na sisi hatukuuliza. Kabati lilikuwa linatazama barabara, tuliliweka hivyo makusudi ili ubao uonekane. Ukiwa mbali ng'ambo ya pili, karibu na wauza samaki, unasoma jina la mtoto na la baba yake bila shida. Hapa Uganda tunatembea huru, ni jambo jema na tunalishukuru, lakini ina maana kwamba siku ya soko yeyote anaweza kuja Base Camp, hata yule uliyemkimbia. Na wengine hawahitaji kuja kutoka mbali. Waliokuwa pande mbili za vita moja wanachota maji bomba moja hapa. Tunayajua haya yote. Tumekua nayo. Tukayasahau kwa sababu ya kitu kinachowaka.

Tulichomoa waya usiku uleule. Tukakaa gizani, tuko saba. Mwenzetu mmoja, ambaye tuko naye tangu siku ya plaiwudi, akasema polepole: "Mimi nilitaka kuwaambia tangu siku ya kwanza. Jina mnaloniita silo nililokuja nalo." Tukamuuliza kwa nini hakusema. Akasema tulikuwa na furaha sana.

Ubao ulikaa bila kuwaka siku tisa. Watoto waliuliza, tukasema umeme.

Jibu lilitoka kwenye makabati yaleyale ya zamani. Mwaka 1979 kulikuwa na gemu ya Atari iitwayo Asteroids, na mchezaji aliyefanya vizuri aliruhusiwa kuacha herufi tatu kwenye orodha ya washindi. Herufi tatu tu. Sisi tulikuwa tunacheka kila tukisoma habari zile, tukidhani ni umaskini wa mashine, kumbukumbu ndogo. Kumbe herufi tatu zinaweza kuwa mtu yeyote. Wewe unajua ni wewe, rafiki zako wanajua, na mpita njia haambulii kitu.

Tukaongeza mpaka kumi, na utaratibu ni huu: mtoto anachagua mwenyewe jina la kuchezea. Hatumuulizi la nyumbani wala hatuliandiki popote. Anaweza kulibadilisha kesho, au kulifuta, kwa kitufe, bila kutuomba sisi ruhusa. Daftari la zamani tulilichoma kwenye jiko la mama wa mmoja wetu, ugali ukaivia juu yake. Kabati nalo tukaligeuza, sasa linatazama ukuta wa ndani.

Ndivyo walivyozaliwa kina Radi na Kijiko. Kulikuwa na Messi sita, ikabidi wapewe namba, na wakagombana nani awe Messi 1. Bibi wa Nne ni msichana, hatujui maana yake na tumekatazwa kuuliza. Linatembea, maana lina herufi kumi na moja ukihesabu na nafasi. Ndiyo, tulimkubalia. Mtoto mmoja wa Eritrea alitaka jina lake liandikwe kwa herufi za kwao. Arduino haikuwa nazo, basi akaja na karatasi ya miraba ya hesabu, akazichora mwenyewe kidoti kwa kidoti, herufi nne, tukazibandika kwenye programu. Wanaoweza kulisoma jina lile hapa kwenye kibanda ni wachache, na anafurahia hivyo.

Kuna wageni wa shirika fulani walikuja na kamera. Watu wazuri, walituletea koili ya waya. Waliomba jina la shirika lao litembee kwenye ubao huku watoto wamesimama chini yake wakitabasamu. Jina la shirika tuliliweka, dakika tano kama zamu ya mtu mwingine, na mstari wa chini uliandika anayefuata ni Messi 4. Picha ya watoto chini ya majina tulikataa. Walielewa tulipoeleza. Wengine mnaosoma hapa mkija tutawaeleza vilevile.

Sasa habari ya Kijiko, maana wengi mmeuliza kwa nini yuko juu na hamumwoni. Kijiko alikuwa bingwa wa Ng'ombe Barabarani. Alicheza kama mtu aliyekwisha kuongea na ng'ombe mmoja mmoja kabla. Halafu familia yake ikapata safari, wakaenda Kanada. Siku ya mwisho hakusema kwaheri, alikuja kuangalia kama bado ni wa kwanza, akaondoka. Baada ya mwezi akapiga video. Huko kwao ilikuwa asubuhi, tuliona theluji dirishani. Akasema, "Nionyesheni ubao." Tukageuza simu. Mnakumbuka tulivyosema kuhusu kamera: aliona mistari iliyokatika tu, hakusoma kitu. Akanyamaza. Kwa hiyo mtoto mmoja akachukua simu akamsomea: "Wa kwanza, Kijiko." Kila akipiga, kuna mtu wa kumsomea.

Msimu wa mvua, sola ikakosa jua siku nne. Betri ikafa ghafla wakati Raspberry Pi inaandika pointi za mtu, na kadi ya kumbukumbu ikaharibika. Hili ni jambo la kawaida, kompyuta hizi hazipendi kuzimwa katikati ya kuandika. Gemu tulizipata tena, tulikuwa na nakala. Orodha ya pointi hatukuwa na nakala yake. Sisi, ambao tumeishi maisha yote tukilalamika kwamba ofisi imepoteza faili letu.

Tukabishana. Mmoja alisema tuanze sifuri, hakuna ushahidi. Mwingine akasema, "Huko kote tunaambiwa tulete karatasi ndipo tuaminiwe, na sisi pia?" Tukaamua kuwauliza watoto. Wakasema wote kwa sauti kubwa kwamba wanakumbuka pointi za Kijiko. Nusu wakasema 4,310. Nusu wakasema 4,130. Kila upande uko tayari kuapa. Tukampigia mwenyewe Kanada. Akafikiri kidogo, akasema, "Andikeni elfu tano." Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka kwa wauza samaki. Tuliandika 4,130, ile ndogo. Alinuna siku mbili.

Tangu hapo orodha haikai tena kwenye kadi peke yake. Arduino Uno ina kumbukumbu yake ndogo isiyofutika umeme ukikatika, inaitwa EEPROM, nafasi 1,024. Jina la herufi kumi linakula nafasi kumi, pointi zinakula mbili, jumla kumi na mbili, kwa hiyo kungeingia watu 85. Jina refu la Bibi wa Nne lilitusumbua hapo, tukaliwekea alama ya pekee. Tunaweka ishirini wa juu tu. Ukizima kila kitu, ukakaa mwezi, ukiwasha ubao peke yake bila hata kompyuta, majina yanatembea.

Yule mvulana, mtoto wa mama wa usiku ule, alikaa nyumbani karibu miezi miwili. Halafu akarudi. Alichagua jina, akaandika mwenyewe, sisi tukageuka upande.

Jumamosi moja mama yake akaja. Safari hii aliingia ndani. Akasimama nyuma ya watoto na kikapu chake, mtoto wake yuko kwenye kundi la wanaosubiri pamoja na wengine wanane, anajifanya hamwoni. Mama akausoma ubao wote, mstari wa juu, mstari wa chini, akasubiri orodha nzima ipite: Kijiko, Radi, zile herufi nne za Eritrea, Messi 2, Bibi wa Nne. Ikapita mara ya pili.

"Wangu ni yupi pale?" akatuuliza.

Tukamwambia, "Mama, hatujui."

Na kweli tulikuwa hatujui, maana alikuwa amelibadilisha tena asubuhi. Mama akacheka, akaweka kikapu chini, akasubiri kuona ni nani atakayetoka mbele zamu ikifika.